Sungura wa Mbegu

Mpendwa mshauri,

Swali ninalokuletea nimelibeba tangu mvua za kwanza, na kila ninapodhani nimelipatia jibu hugundua kwamba nililojibu lilikuwa swali jingine: je, ni haki kumpandisha sungura aliyezaliwa na ulemavu wa miguu, ilhali huenda akazaa wenye miguu kama yake, na ilhali mimba yenyewe huenda ikamtesa? Naomba unisaidie, na ukiweza usicheke kwanza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya hapa Sumbawanga, mada ya urithi naifundisha kila mwaka, na nilitarajia kuwa mtu wa mwisho kuliandikia gazeti kuhusu mnyama wa kizimbani.

Naishi Izia na mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Atuganile. Kwetu ni Mbeya; kazi ndiyo iliyonileta huku, na mama yetu alipofariki nilimchukua Atuganile nikamlea mpaka akawa fundi cherehani ambaye wanawake wa kwaya hawakubali kupimwa na mwingine. Alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kifundoni, matibabu yalichelewa, na hutembea kwa gongo moja. Nalitaja hili mapema ili isije ikadhaniwa kwamba nimelificha, ingawa swali langu halihusu mguu wake. Upande wa pili wa uzio anaishi Mama Zenon, mama wa Kifipa, mkulima wa mahindi na ulezi, asiyekosa misa wala neno la utani, na mwanawe huyo Zenon, fundi umeme, amependana na mdogo wangu kwa muda sasa, kiasi kwamba tulikuwa tunangoja tu mavuno yaishe ili mshenga afike rasmi.

Lazima nieleze desturi ya nyumba ile, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichonikwama. Kwao, kama Mama Zenon alivyonieleza mwenyewe, jirani hapewi mnyama jike hivi hivi wala hauziwi. Hutolewa wa mbegu: unamfuga, anazaa, na mtoto jike wa kwanza unamrudisha kwa aliyekupa, na hapo ndipo mama yake anapokuwa wako kabisa. Kuku hutolewa hivyo, mbuzi hutolewa hivyo, na kwa Mama Zenon hata sungura. Anayeshindwa kurudisha mbegu hashtakiwi popote, ila husemwa, na kusemwa huko humfuata mpaka kwa wajukuu.

Basi mvua zilipoanza alikuja na sungura jike mdogo ndani ya kofia ya sufu, na miguu ya nyuma ya yule mnyama ilikuwa imetawanyika kando, mmoja huku na mwingine kule, kama mkasi uliofunguliwa ukakataa kufungwa.

“Hodi, mkwe!” aliita kutoka uani. Alikwisha kuzoea kumwita mdogo wangu mkwe, ingawa posa ilikuwa bado.

“Karibu, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Nimekuletea mwenzio. Naye ana mwendo wake.”

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, na sikupenda nilichokisikia. Atuganile alicheka mpaka akashika ukuta.

“Wa bure, mama?”

“Bure kwani nimemwokota? Wa mbegu huyo. Jike la kwanza litarudi kwangu.”

“Na akizaa madume matupu?”

“Utarudia mpaka jike lipatikane. Umechoka kabla hujaanza?”

Mdogo wangu alimpa jina la Shangazi siku hiyo hiyo, kwa sababu hukaa ameinyoosha miguu pembeni kama shangazi aliyefika msibani na hana mpango wa kuondoka, na tangu hapo amemtunza kwa namna ambayo mimi, nisemaye kwa haki, nisingeiweza: amemshonea kigodoro cha vipande vya vitenge, humfuta kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi kwa sababu mkojo humlowesha manyoya, humpaka mafuta penye ngozi iliyochubuka, na huzunguka mifereji yote ya mtaa akitafuta majani ya mchunga, kwa kuwa Shangazi akipewa kabichi hugeuza uso. Mnyama amekua, amenenepa, haruki bali hujivuta kwa miguu ya mbele kwa kasi ya kushangaza, na akisikia gongo la Atuganile likigonga sakafu hujisogeza mpaka mlangoni mwa kizimba. Siwezi kusema kwamba hana furaha, ingawa siwezi pia kusema kwamba najua furaha ya sungura ikoje.

Alipokomaa, Atuganile aliniuliza, nami ninaamini mambo yaliharibikia hapo, kama kweli yameharibika. Alikuwa kwenye cherehani akishona nguo za kipaimara. “Dada, wewe ndiye mwalimu. Shangazi akizaa, watoto watatoka na miguu hii?” Nilimjibu jinsi ninavyojibu darasani, bila kuinua macho kwenye madaftari niliyokuwa nikisahihisha, kwamba uwezekano upo, na ndiyo maana wafugaji makini hawampandishi mnyama mwenye kasoro ya kuzaliwa. “Wafugaji makini,” alisema, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Hakuuliza tena. Siku chache baadaye nilimsikia uani akimwambia Zenon kwamba mshenga asubiri kwanza. “Asubiri nini?” Zenon aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayedhani ametaniwa. “Asubiri tu,” akasema. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwamba nguo za kipaimara zimemzidi. Kipaimara kimepita, mahindi yamekauka shambani, na mshenga bado anasubiri. Sina ushahidi kwamba jambo hili na lile yanahusiana. Nayaandika kwa mfuatano kwa sababu yalifuatana.

Kisha Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mama Zenon aliingia uani kwetu na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na dume la rangi ya majivu, lenye masikio makubwa na tabia ya kujiona.

“Nimeleta bwana harusi.”

“Mama, si jike ndiye hupelekwa kwa dume?” Atuganile alimuuliza.

“Ndivyo. Ila huyu wako nimemhurumia njia.”

“Basi bibi harusi anaumwa leo.”

“Anaumwa nini? Mbona anakula?”

“Muulize dada. Ndiye mwenye elimu ya kuzaa hapa nyumbani.”

Wakanitazama wote wawili, na nadhani hata lile dume lilinitazama. Nikasema kwamba suala hili linahitaji utafiti zaidi.

“Utafiti!” Mama Zenon alisema, akafunika kikapu chake. “Haya, mwalimu, tafiti. Nikimaliza kuvuna maharage nitarudi.”

Maharage yake yamebaki matuta machache, na mimi sina jibu. Nimejaribu kulipima jambo pande zote. Upande mmoja, huenda ulemavu wa Shangazi haukurithiwa kabisa, huenda alikulia kwenye sanduku lenye sakafu ya kuteleza na nyonga zikafunguka kabla hazijakomaa, na ikiwa ni hivyo basi ninamnyima uzao kwa kosa la sanduku. Upande wa pili, hata kama hakurithi, atabebaje mimba kwenye nyonga zile, na atasimamaje juu ya watoto wake kuwanyonyesha? Halafu nikifika hapo, mawazo yananitoka sungurani. Nawaza kwamba wakizaliwa vitoto vyenye miguu iliyotawanyika, watu watakuja kuchungulia, na Mama Zenon atachungulia, na mdogo wangu atakuwa amesimama pale na gongo lake. Nawaza kwamba wakizaliwa wazima nitashusha pumzi, na Atuganile atanisikia nikishusha pumzi. Na nikikataa asipandishwe kabisa, nitakuwa nimesema nini? Sijui pia Mama Zenon alikuwa na maana gani alipomchagua mnyama huyu, miongoni mwa wote waliojaa kizimba chake, akamleta kwa mtu huyu, kwa sharti hili. Kuna siku nadhani ulikuwa utani tu. Kuna siku nadhani ni jaribio, kwamba anataka kuona kilema atazaa nini kabla mwanawe hajaoa. Ninaona aibu kuandika sentensi hiyo, na sina hakika kama aibu ni yake au ni yangu mimi niliyeiwaza.

Nakuomba, ikiwezekana, unijibu kuhusu sungura tu. Majina nimeyabadilisha.

Wako,
Mwalimu, Izia


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu mpendwa,

Umeniomba nijibu kuhusu sungura tu. Ningekutii kwa furaha, kama wewe mwenyewe ungeandika kuhusu sungura tu. Uliniambia mapema kwamba swali halihusu mguu wa mdogo wako, kisha ukaujaza ukurasa mzima na mguu huo. Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu naona umechoka, na kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha yote.

Nianze na mnyama, kwa kuwa ndiye asiyeweza kuniandikia. Nimemuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini. Ameniambia ulichokwisha kukihisi: miguu ya namna ile huweza kurithiwa, na huweza pia kuletwa na sakafu ya kuteleza sungura akiwa mchanga, na kwa kumtazama jike mmoja aliyekwisha kukua huwezi kujua ni ipi. Lakini kuhusu mimba hakusitasita. Jike anayejivuta kwa miguu ya mbele, mwenye ngozi iliyochubuka na manyoya yanayolowa, atazidiwa na uzito ule. Vidonda vitaongezeka, na huenda akawalalia watoto wake kwa kushindwa kujiinua. Msimpandishe. Dume la Mama Zenon lirudi nyumbani na majivuno yake.

Nataka uione vizuri sababu yangu, maana umepotea njia hapo hapo. Sikusema Shangazi asizae kwa kuwa watoto wake watafanana naye. Kama vitoto vyake vingezaliwa na miguu iliyotawanyika, vikatunzwa na mdogo wako kwenye vigodoro vya vitenge, nisingeona msiba wowote. Nimesema asizae kwa sababu ya mwili wake mwenyewe na maumivu yatakayoupata. Wewe ulipoulizwa swali hili na mtu mwenye gongo, ulijibu kwa habari ya “kasoro ya kuzaliwa” na “wafugaji makini”, na hukuinua macho kwenye madaftari. Mwalimu! Darasani mwanafunzi akikuuliza swali huku anatetemeka, si hutazama kwanza ni nani anayeuliza?

Wala usijifiche nyuma ya sentensi ile kwamba huna ushahidi. Atuganile alikuuliza kuhusu watoto, ukamwambia wenye kasoro hawazalishwi, na siku chache baadaye akamsimamisha mshenga. Nguo za kipaimara ulizisadiki kwa sababu zilikufaa wewe.

Kosa jingine ni la nyumba zote mbili. Mmemgeuza mnyama kuwa ramli. Unangoja vitoto ili uvisome kama wengine wanavyosoma matumbo ya kuku, wakati unajua kuliko jirani zako wote kwamba uzao mmoja wa sungura hausemi lolote hata kuhusu sungura, sembuse kuhusu binti wa watu. Shangazi akizaa wazima, hujajifunza chochote juu ya Atuganile. Akizaa walemavu, hujajifunza chochote vilevile. Kama mdogo wako anataka kujua mguu wake unarithiwa kwa kiasi gani, yupo daktari wa binadamu wa kuulizwa, na waende wakamuulize yeye na Zenon, wawili tu. Wewe usiwasindikize. Wakikuomba uwaeleze maneno waliyoambiwa huko, waeleze. Wasipokuomba, sahihisha madaftari.

Nije kwa Mama Zenon. Umemwogopa sana mwanamke huyu, na huenda ni kwa sababu anacheka wakati wewe unapima maneno. Sikiliza tena alichosema siku ya kofia. “Ana mwendo wake.” Umesikia tusi, mdogo wako amesikia utani akacheka mpaka akashika ukuta, na mwenye mguu ni yeye. Halafu tazama desturi uliyonieleza kwa ufasaha ukashindwa kuisoma. Mnyama asiyetarajiwa kitu hatolewi wa mbegu. Huliwa, au hutolewa bure watoto wachezee. Anayetoa wa mbegu anasema: natarajia uzao kutoka nyumba yako, na natarajia sehemu yake irudi kwangu. Kwa mama anayekaribia kuwa mkwe, sijui maneno mazito kuliko hayo. Inawezekana alikuwa anamkaribisha mdogo wako kwa lugha pekee aliyoizoea.

Inawezekana pia kwamba ulilolihofia ni kweli, na alitaka kuona. Simjui, nami nisingependa kumtetea mtu nisiyemjua kwa gharama ya Atuganile. Lakini jambo hili halijulikani kwa kuandika gazetini. Linajulikana kwa kuvuka uzio, na wa kuvuka si wewe. Hapa nitakukaripia kwa mara ya mwisho: sungura si wako. Barua yako yote imeandikwa kama vile ulipewa wewe, deni ni lako na uamuzi ni wako. Alipewa Atuganile. Mwenye kusema “simpandishi” ni Atuganile, na mwenye kuuliza “mama, ulimaanisha nini?” ni Atuganile. Wewe ulimlea; sasa mwachie mahali pa kusimama.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie mdogo wako kwamba ulijibu swali lake vibaya. Usilizungushe wala usilete mifano ya darasani. Mwambie ulikuwa unazungumza habari za wanyama, na kwamba ulipaswa kuinua macho. Mpe ushauri wangu kuhusu Shangazi, na sababu yake, kisha nyamaza, hata akinuna, hata akikataa. Akikubali, ni juu yake kumwendea Mama Zenon na kumwambia waziwazi kwamba mimba itamwumiza mnyama, na kumwomba jike mwingine kutoka kizimba kile kile, mzima, naye wa mbegu. Jike la kwanza la huyo litarudi kulikotoka na desturi itakuwa imetimizwa. Sidhani kama kuna bibi aliyewahi kukataa mbegu kwa kuwa imepitia tumbo jingine la ukoo ule ule. Shangazi abaki alipo, kwenye vitenge vyake. Hahitaji kuzaa ili awe shangazi. Mimi sikujaliwa kuzaa, na wapo watu wazima mkoani humu wanaoniita kwa jina hilo na kuniletea mchele.

Mama Zenon akijibu vizuri, mshenga atakuja kwa miguu yake bila kuitwa. Akijibu vibaya, ni afadhali Atuganile alisikie kabla ya posa kuliko baada, na Zenon alisikie pia, tuone atasimama wapi. Uamuzi utakaofuata ni wao wawili.

Fanya haraka. Umebadilisha majina, lakini hukubadilisha sungura. Jirani yako akiisoma barua hii atajitambua kwenye kofia ya sufu. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili mkononi kabla halijachapwa, na halitachapwa mpaka Atuganile mwenyewe aseme lichapwe. Ukiona liko gazetini, wewe msomaji mwingine, ujue kwamba alisema.

Ningeweza kuishia hapo, na wasomaji wengi wangependa niishie hapo. Lakini wewe umeniandikia kwa uangalifu, na unanidai uangalifu huo huo. Nimekuambia kwa sauti ya uhakika kwamba kumzuia Shangazi kwa ajili ya mwili wake ni jambo moja, na kumzuia kwa ajili ya sura ya watoto wake ni jambo jingine. Naamini hivyo. Hata hivyo nilipoisoma tena sentensi hiyo nilikumbuka kwamba maneno “kwa ajili ya mwili wako” wameambiwa wanawake wenye magongo pia, kwenye vyumba vya kliniki, kwa upole na kwa nia njema, na baadhi yao walizaa na wakasimama. Mstari niliokuchorea umepita karibu sana na mahali walipokuwa wameketi.

Nimejiambia kwamba tofauti ni hii: mwanamke huulizwa, na akiisha kuelezwa hatari huchagua mwenyewe, hata achague hatari. Nadhani tofauti hiyo ni ya kweli, na kwa upande wa Atuganile inatosha. Akiona nimekosea, ana kalamu, na ana ulimi ambao hata kwa kuusoma tu nimeuogopa. Kwa Shangazi haitoshi. Sijui kama sungura hutamani watoto, au kama maumivu ya mwezi mmoja kwake ni makubwa kuliko jambo hilo tusilolijua. Tunachagua kwa niaba yake tukisema ni huruma, na huenda ni huruma, na huenda tunajiepusha tu na kuona. Nimekushauri asipandishwe, na sibadilishi. Lakini kama nimemtendea haki siwezi kukuambia, kwa sababu wa kuniambia ni yeye, na yeye kila akiulizwa jambo hujivuta mpaka mlangoni mwa kizimba kusikiliza kama gongo linakuja.

Mshauri wako